Daftari la Wanawake wa Chukwani

Ukiulizwa umesoma wapi ukajibu "Chukwani", Unguja nzima inaelewa. Hakuna atakayedhani unalizungumzia jumba la Sayyid Barghash lililobaki magofu, wala Baraza la Wawakilishi, ambalo ndilo linalolifikisha jina la Chukwani kwenye taarifa ya habari. Wanajua umesomea ualimu. Chuo kilifunguliwa mwaka 1998 na Africa Muslims Agency, shirika aliloliasisi daktari wa Kuwait, Abdulrahman Al-Sumait, na wakati wetu kilikuwa chuo cha elimu, kazi yake kutoa walimu. Dk. Al-Sumait alifariki Agosti 2013. Leo chuo kinabeba jina lake, na wasichana wanaoingia sasa husema wanasoma SUMAIT. Sisi wa zamani tumebaki na Chukwani yetu.

Nilitoka pale na shahada, na nilitoka na wanawake watano. Shahada imenipa mshahara. Hao watano ndio walionifanya mtu ninayeweza kusimama mbele ya watu. Watu wakituona kwenye harusi tumevaa sare, nywele zimeshaanza mvi, huuliza imekuwaje hatujapotezana. Wanatarajia niseme tunapendana. Tunapendana kweli, lakini nimeyaona mapenzi makubwa ya dakhalia yakikatika mwaka mmoja baada ya mahafali, watu waliokuwa wakila sahani moja wakawa hawajuani simu. Sisi tumewekwa pamoja na mchango, na daftari linaloonesha nani katoa na nani bado.

Niliingia mwaka 2006 nikitokea Makunduchi. Chumba cha dakhalia kilikuwa na vitanda vya ghorofa, na hakuna aliyechagua wa kulala naye. Tulikuwa wawili wa Pemba, mmoja Wete na mmoja Chake Chake, mmoja wa Kikwajuni, mtoto wa Mjini hasa, mmoja wa Tanga, aliyeacha mtoto mdogo kwa mama yake ili aje kusoma, mmoja wa Mombasa, na mimi. Kwa hali hatukulingana hata kidogo. Yule wa Mombasa aliletewa fedha na kaka zake kila mwezi. Yule wa Wete alikuja na sanduku la mbao na mkoba wa mihogo mikavu, na baba yake alikuwa ameuza ng'ombe.

Wa Kikwajuni ndiye aliyetoa fikra ya upatu. Mama yake alikuwa kijumbe mtaani kwao kwa miaka mingi, na yeye tangu mdogo alikuwa akitumwa kukusanya fedha nyumba hadi nyumba, kwa hiyo alijua nani humwambii "lete" mbele ya mumewe na nani ukimpa nafasi halipi tena. Alinunua daftari la mistari, akaandika majina sita na zamu sita. Kila mmoja shilingi elfu moja kwa wiki. Anayepokea mkono ananunulia anachotaka, haulizwi.

Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, yule wa Wete, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, alisema neno ambalo ndilo lililotufikisha hapa. Alisema upatu ni mzuri lakini hauna deni: kila mtu akishapokea, mambo yamekwisha, na mkiachana siku hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Akataka tuwe na fedha nyingine, ndogo kuliko ile ya upatu, isiyorudi kwa mwenyewe. Ikae tu. Akiugua mtu, akifiwa, akikosa nauli ya meli, itoke humo. Tukaugawa ukurasa kwa mstari katikati: kushoto upatu, kulia mfuko wa shida. Upatu tuliuacha siku tulipomaliza chuo. Mfuko wa shida haujafungwa hata mwezi mmoja hadi leo.

Mwaka uliofuata tuliongeza masharti, na baadhi yake ninayathamini kuliko fedha. Kasoro ya mwenzako unamwambia ndani ya chumba, mlango umefungwa. Nje unataja uzuri wake. Aliyeelewa somo hana ruhusa ya kulala kabla hajamwelewesha mmoja. Anayeondoka bila kuaga analipa faini. Na hakuna anayeulizwa, kwa sauti ya kumdhalilisha, kwa nini mwezi huu hakutoa. Kijumbe huandika "bado" na kufunga daftari.

Masharti yalipata mtihani wake Mei 2008. Umeme wa Unguja huja kutoka Bara kwa waya wa baharini unaoingia nchi kavu Fumba, mwisho wa barabara yetu hiyohiyo ya Chukwani. Hitilafu ikatokea, na kisiwa kizima kikakaa gizani karibu mwezi. Wanaokumbuka watakwambia giza lilikuwa dogo. Shida ilikuwa maji, kwa sababu pampu nazo zilisimama. Wanawake na watoto wakarudi kwenye visima. Sisi tulimjua bibi mmoja Kiembesamaki mwenye kisima cha ndoo, shangazi wa yule wa Kikwajuni, na tukapanga zamu: wawili wanakwenda alfajiri na madumu, wawili wanapika, wawili wanasoma. Jioni tunazunguka taa ya mafuta moja, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza, maana mafuta yalipanda bei na macho yalikuwa yakiuma. Mfuko wa shida ndio ulionunua mafuta hayo. Yule wa Mombasa, aliyekuwa na uwezo wa kupanga chumba hotelini Mjini penye jenereta hadi mambo yatulie, alibeba dumu. Nilimtazama kwa jicho jingine tangu hapo.

Na mimi walinifanyia kazi kubwa. Nilikuwa na aibu iliyonifunga mdomo. Nyumbani Makunduchi nilikuwa mtoto wa kike wa katikati, mambo yangu nikiyasema kupitia kwa dada yangu. Ualimu niliutaka kwa moyo wote, lakini kila nikifikiria darasa la vijana arubaini wakinitazama, tumbo linauma. Kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, wale watano walikaa vitandani wakanifanya niwafundishe somo langu la historia mwanzo hadi mwisho, usiku baada ya usiku. Wa Mombasa aliniambia bila kupindisha kwamba nazungumza na ubao. Wa Chake aliniambia nikiulizwa swali nisilolijua nakimbilia kukasirika. Maneno hayo angeniambia mwalimu mkuu ningelia na kuacha. Kwao niliyapokea, kwa sababu wenye kuyasema ndio waliokuwa wamebeba maji yangu asubuhi. Nilipoingia darasani kwa mara ya kwanza, nilizungumza na watoto.

Nilipokuwa tayari mwalimu ndipo nikajua kwamba Marekani udugu kama huu wetu wameujengea vyama vyenye ofisi. Wanafunzi wa kike wa vyuo huko wana vyama vya udugu vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki, na vilivyonivutia ni vya wanawake weusi. Alpha Kappa Alpha ilianzishwa Januari 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, wakati mwanamke mweusi aliyefika chuo kikuu alikuwa mtu wa kuhesabika. Miaka mitano baadaye wanafunzi 22 wa chuo hichohicho wakaunda Delta Sigma Theta, na kazi yao ya kwanza ya hadharani ilikuwa kuingia katika maandamano ya wanawake wa Washington ya tarehe 3 Machi 1913, kudai haki ya kupiga kura. Mwaka 1922, katika mji wa Indianapolis, walimu saba wa skuli wakaanzisha Sigma Gamma Rho. Hao walimu saba nawafikiria mara kwa mara.

Mtu hajiungi na vyama hivyo kwa miaka ya masomo tu. Anatoka chuoni, anaolewa, anahamia mji mwingine, na anakuta tawi la waliomaliza linamngoja: analipa ada, anapewa kazi, anasaidia wasichana wanaokuja nyuma kupata fedha za masomo. Kamala Harris, aliyefika Dar es Salaam Machi 2023 akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, ni wa Alpha Kappa Alpha tangu alipokuwa mwanafunzi wa Howard, na wenzake wa chama walikuwa nguzo katika kampeni zake. Mwaka 2005 mama na binti yake wa Kiislamu, Althia Collins na Imani Abdul-Haqq, walianzisha Gamma Gamma Chi, ili msichana wa Kiislamu apate udugu huo pasipo pombe na pasipo dansi za mchanganyiko. Hicho kingekaa Chukwani bila taabu.

Yako mabaya pia, na sitayaficha. Katika vyama vingi vya wanafunzi wa Marekani, vya kike na vya kiume, wageni wameteswa kabla ya kukubaliwa, na wako waliokufa. Majimbo mengi yametunga sheria dhidi ya mchezo huo. Na kuna kuchagua: huyu anafaa, yule hapendezi. Mimi hapo ndipo ninapoachana nao. Kundi letu lilipata nguvu kwa sababu hatukuchaguana. Ningepewa nafasi ya kuteua, nisingemteua yule wa Mombasa, na pengine yeye asingeniona kabisa.

Tusidhani lakini kwamba tuna la kuazima tu. Bibi yake yule wa Mombasa alikuwa katika lelemama, na hadithi zake ndizo zilizotuchekesha mwezi ule wa giza. Katika karne iliyopita wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya ngoma hiyo, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vyenye viongozi, vyeo, sare na ushindani mkali, hata watu wa mtaa mmoja wakawa hawasemezani. Chini ya ngoma kulikuwa na mchango. Mwenzao akioza au akizika, chama kinasimama mlangoni. Mwanahistoria Margaret Strobel aliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1979, na humo anaonesha jinsi ilivyokuwa katika miaka ya 1950: wanawake kutoka pande hizohizo za ngoma wakaunda Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, wakaanza kushughulikia elimu na maendeleo ya wanawake. Waliokuwa wakishindana kwa nguo wakashindana kwa skuli. Mimi ninayefundisha historia naliona hilo ni jambo kubwa mno kuachwa nje ya vitabu vya darasani.

Kwetu Zanzibar skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927. Waliotangulia kuingia ndio waliokuja kuwa walimu wa mama zetu. Mtoto wa kike wa zama hizo hakukosa wenziwe: alikuwa na somo wake wa kumfunda, mashoga wa kusukana naye nywele, jirani wa kuazimana chumvi. Ila hao wote walimfunda kuingia katika nyumba ya mume. Chuoni nilikuta kitu cha ziada, wanawake wa umri wangu wanaonifunda kuingia katika kazi, na mimi nikiwafunda wao.

Upande wa pili wa bahari kuna tukio ambalo kila mwanafunzi wa kike Tanzania anapaswa kulijua. Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume wa kundi la siri lililojulikana kwa jina la Punch, lililokuwa likibandika ukutani michoro na matusi ya kuwadhalilisha wenzao. Wanaume wale nao walikuwa na umoja chuoni, na waliutumia kumvunja msichana mmoja. Kelele zilizofuata zilipigwa kwa sehemu kubwa na wanawake, wakiwemo wa TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987 na kina Fatma Alloo, Leila Sheikh, Edda Sanga na wenzao. Nikilikumbuka jina la Levina najiuliza chumbani kwake kulikuwa na nani. Sisemi urafiki ungemwokoa. Sina haki ya kusema hivyo. Nasema tu kwamba binti anapoanza chuo, wazazi humuuliza kuhusu godoro, ndoo na ada, na hawamuulizi utakuwa na nani usiku.

Baada ya mahafali kila mmoja alipangiwa kwake, na hapo ndipo makundi mengi hufa. Letu lilikutana na msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, iliyojaza watu kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Maiti waliopatikana walizidi 200, na wengi hawakuonekana tena. Ndani yake alikuwemo mdogo wake wa kiume yule wa Wete. Yeye alikuwa Pemba, sisi tulio Unguja tukaenda Maisara, walikokuwa wakiletwa maiti ili watambuliwe, tukapita tukitazama. Hatukumwona. Tulimpigia mwenzetu simu kila baada ya kitambo, hata kama la kumwambia hakuna, kwa sababu alitwambia kimya ndicho kinachomuua. Mfuko wa shida ulitoa nauli zetu sote na vyakula vya khitma, na wa Mombasa alivuka kutoka Kenya. Mwaka uliofuata, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, kisiwa tulichokuwa tukikitazama kutoka Chukwani tukifua nguo. Siku ile hakuna aliyemsubiri mwenzake aanze. Kila mtu alikuwa keshampigia yule wa Wete.

Mengine nayapitia haraka, maana kila kundi la wanawake lina yake. Tumekanda wazazi, tumepika biriani za harusi, tumekaa na mwenzetu mmoja aliyeachwa akiwa na watoto watatu hadi eda ikaisha na kodi ya nyumba ikalipwa. Mmoja anaishi Muscat na mumewe, na mchango wake haujachelewa kuliko wa aliye Kikwajuni. Siku hizi fedha huingia kwa simu na kijumbe ananakili kwenye daftari kwa kalamu, kwa sababu ujumbe wa simu hufutika. Niliposita kwenda kusoma shahada ya pili, nikisema umri umenipita na mume atasemaje, walikaa wakagawana: mmoja achukue watoto wangu Jumamosi, mmoja azungumze na mume wangu, kwa adabu, mbele ya kaka yangu. Mume wangu hakuwa na tatizo tangu mwanzo. Tatizo lilikuwa langu, na wao walilijua, wakalizunguka bila kunifedhehesha.

Kila mwisho wa Shaabani tunakutana kwa vunjajungu, na kabla ya chakula daftari linasomwa lote kwa sauti, nani katoa, nani bado, kimetoka nini na kimekwenda wapi. Safari hii kuna hoja nzito. Yule mtoto aliyeachwa Tanga kwa bibi yake sasa ni msichana mkubwa, amepata nafasi hapohapo Chukwani, na ameomba aingizwe kwenye daftari letu. Wa Chake na wa Mombasa wanataka aingie mara moja. Wanasema mtoto wetu ni wetu. Mimi nimeshawaambia kwamba nitapinga. Akiwa nasi atakuwa mtoto siku zote, sisi tukitoa na yeye akipokea, na ataikosa ile siku ya kumwambia mwenzake wa umri wake kwamba anazungumza na ubao. Nimemwita nyumbani nikamshauri aanze lake na haohao aliopangiwa naye chumba, kabla hajajua nani mzuri na nani ana maringo. Kiwango kiwe kile ambacho aliye dhaifu kuliko wote anakiweza. Kijumbe awe mtu anayejua kunyamaza. Na ukurasa waugawe katikati. Alisema, "Sawa, shangazi," kisha akaniuliza kama tutamsaidia fedha za kuanzia. Nikamwambia hapana, na hilo nalo tutalipigia kura. Mama yake amejiondoa mwenyewe, hatapiga.